UZI: Namba ipi inakidhi, ipi haikidhi? Hesabu za kutolingana kwa walimu wa tuisheni na wazazi wa Tanga

MwalimuMakorora (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni kwa walimu wa tuisheni na wazazi wanaokaa na watoto usiku kuwasahihishia madaftari. Mada ni moja tu: mwanafunzi anapewa sentensi ya kutolingana, zile za alama < na >, halafu anapewa namba kadhaa aseme zipi zinaikidhi. Swali linaonekana dogo, ndiyo maana watu hulipita mbio na alama zinadondoka.

Tuanze na hili:

3x − 4 ≤ 11. Kati ya −2, 0, 4, 5 na 6, zipi zinakidhi?

Hapa hakuna haja ya kuitafuta x kwanza. Ondoa x, weka namba mahali pake ndani ya mabano, piga hesabu ya kushoto mpaka ibaki namba moja, kisha jiulize kama sentensi uliyobaki nayo ni ya kweli.

3(−2) − 4 = −10. Je, −10 ≤ 11? Kweli.
3(0) − 4 = −4. Kweli.
3(4) − 4 = 8. Kweli.
3(5) − 4 = 11. Je, 11 ≤ 11? Kweli.
3(6) − 4 = 14. Si kweli.

Kwa hiyo −2, 0, 4 na 5 zinakidhi, 6 haikidhi.

Wengi wanakosea kwenye 5. Mtoto anasema "11 si ndogo kuliko 11", na hapo hajakosea. Lakini alama ≤ inasomwa "ndogo kuliko AU sawa na", na penye "au" upande mmoja ukiwa kweli inatosha. Mwambie aisome alama yote kwa sauti, asiishie kwenye "ndogo".

Kosa la pili ni gumu kuliona. Bila mabano, mtoto akiweka −2 anaandika 3 −2 −4, anapata −3. Kuzidisha kumegeuka kutoa. Ubaya ni kwamba −3 nayo ni ndogo kuliko 11, kwa hiyo anaandika "inakidhi", jibu linawekewa tiki na ugonjwa unabaki. Kwa hiyo msisahihishe jibu la mwisho peke yake, angalieni na ule mstari wa katikati.

BintPangani

Ahsante mwalimu. Mimi naongeza ile inayowasumbua zaidi vijana wa kidato cha kwanza:

7 − 2x > 1

Wanaandika −2x > −6, halafu wanagawa kwa −2 na kuandika x > 3. Sasa weka 0 kwenye swali lenyewe: 7 − 0 = 7, na 7 > 1 ni kweli. 0 inakidhi. Lakini jibu lao, x > 3, linaitupa 0 nje. Sentensi hizo mbili haziwezi zote kuwa sahihi. Kwa kupima namba moja tu, sekunde tano, kosa limejitoa lenyewe.

Jibu ni x < 3, kwa sababu ukizidisha au kugawa pande zote kwa namba hasi, alama inageuka. Kanuni hii watoto wanaikariri bila kujua imetoka wapi, basi waonyesheni hivi: 2 < 5, hakuna anayebisha. Zidisha zote kwa −1, unapata −2 na −5. Chora mstari wa namba: −5 iko kushoto zaidi, kwa hiyo −2 ndiyo kubwa. Kuzidisha kwa −1 ni sawa na kuupindua mstari wote ukiwa umeushikilia pale penye 0. Aliyekuwa kulia anahamia kushoto, na wanaotazamana wanabadilishana nafasi. Alama lazima iwafuate.

Kwa anayeendelea kuchanganya, kuna njia isiyohitaji kugeuza kitu. Jumlisha 2x pande zote mbili:

7 > 1 + 2x
6 > 2x
3 > x

Herufi imekaa kulia, haina shida. Ila angalieni hatua ya mwisho: wengi wakitaka kuihamishia x kushoto wanaandika x > 3, yaani wamehamisha herufi na kuiacha alama ilivyokuwa. "3 ni kubwa kuliko x" na "x ni ndogo kuliko 3" ni maneno yale yale.

Kinyume chake pia kipo. Mtoto akiona alama ya hasi popote anageuza. 2x > −6 anaifanya x < −3. Hapa tumegawa kwa 2, ambayo ni chanya, kwa hiyo hakuna kugeuza: x > −3. Jaribu 0: 0 > −6 kweli, na 0 > −3 kweli.

Mzazi_Ngamiani

Nimewafuata vizuri. Swali langu: nikijaribu namba moja na ikakubali, jibu la mtoto ni sahihi tayari? Niweke tiki?

Mtahini

Hapana mzazi mwenzangu, usiweke bado. Chukua swali hilo hilo la 7 − 2x > 1, na mtoto wako aandike x < 5. Jaribu 0: inakidhi swali, na imo kwenye jibu lake. Imepita, na jibu ni bovu. 0 imekuambia mwelekeo uko sawa, haijakuambia mpaka uko wapi.

Vipimo ni vitatu.

Kwanza mpaka wenyewe. Weka namba ya mpaka kwenye swali, pande mbili lazima zitoke sawasawa. 7 − 2(5) = −3, na kulia kuna 1. Hazilingani, kwa hiyo 5 si mpaka. 7 − 2(3) = 1. Hapo ndipo.

Pili, namba moja ya upande unaodai kuwa ni jibu. Lazima ikubali.

Tatu, namba moja ya upande wa pili. Lazima ikatae.

Kwa nini vitatu vinatosha? Kwa sababu 7 − 2x inakwenda upande mmoja tu: kila x ikiongezeka 1, yenyewe inapungua 2, haigeuki njiani. Ikishaivuka 1 mara moja hairudi tena. Mpaka ni mmoja, vipande ni viwili, na namba zote za kipande kimoja zina tabia moja. Maneno haya yanashika kwa hesabu ambazo x ni ya kawaida. Zikiingia x² au x iliyo chini ya sehemu, mambo yanabadilika.

Na kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote: pima kwenye swali la asili, usipime kwenye mstari wako wa pili. Mfano:

2(x − 3) ≥ 4

Mtoto anafungua mabano vibaya: 2x − 3 ≥ 4, anapata x ≥ 3.5. Akipima 3.5 kwenye mstari wake wa pili, 7 − 3 = 4, kila kitu kinapendeza. Kosa limejipima kwa rula yake lenyewe. Akipima kwenye swali: 2(3.5 − 3) = 1, wala haifiki 4. Jibu sahihi ni x ≥ 5, kwa sababu 2(5 − 3) = 4.

MwalimuMakorora

Shukrani Mtahini. Nyongeza kuhusu namba ya kujaribia. 0 ndiyo nyepesi kuliko zote, itumieni kila inapowezekana, isipokuwa 0 yenyewe ikiwa ndiyo mpaka. Lakini msijaribu kwa 2 peke yake. 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4, kwa hiyo mtoto aliyegeuza x² kuwa 2x, au 2x kuwa x + 2, atapita kipimo cha 2 bila kugunduliwa. Tumieni 3 au 10, na upande wa hasi −1 au −10.

Mzazi_Ngamiani

Kijana wangu ameshikilia kuwa −7 ni kubwa kuliko −2 "kwa sababu 7 ni kubwa". Kwenye mstari wa namba anakubali, akifunga daftari anarudi kule kule.

BintPangani

Mpe deni. Wawili hawana kitu mfukoni, mmoja anadaiwa 2,000 dukani, mwingine 7,000. Nani ana hali nzuri zaidi? Wa 2,000. Kwa hiyo −2,000 > −7,000. Halafu mzoeze kupanga, si kulinganisha mbili mbili tu: −7, −2.5, −2, 0, 0.25, 0.3. Hapo atakutana na mtego mwingine, wa kuona 0.25 ni kubwa kuliko 0.3 kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 3. Aandike 0.30 chini ya 0.25, aone mwenyewe.

Bamvua

Wakuu, kwa watoto wa hapa pwani kuna mfano ulio mbele ya macho yao kila siku: maji kujaa na kupwa. Hesabu ya kupitisha chombo juu ya fungu (mchanga au mwamba ulioinuka baharini) ni hesabu ya kutolingana, na namba zake hasi zina maana halisi.

Sentensi yenyewe ni hii: kina cha ramani + kimo cha maji ≥ chombo kinavyozama (urefu wa sehemu yake iliyo ndani ya maji) + akiba.

Kina cha ramani ya bahari kinahesabiwa kuanzia usawa wa maji yaliyopwa sana, ndio sifuri yake. Mahali panapokauka maji yakipwa, ramani inaandika namba iliyopigiwa mstari kwa chini. Namba hiyo si kina, ni urefu wa fungu juu ya sifuri, kwa hiyo kwenye hesabu inaingia na hasi.

Chukulia fungu limeandikwa 0.8 yenye mstari chini, chombo kinazama mita 1.4, na unataka akiba ya mita 0.5 chini ya mkuku (uti wa chini kabisa wa chombo). Kimo cha maji ni h:

−0.8 + h ≥ 1.4 + 0.5
h ≥ 2.7

Sasa tupate namba za kupima. Chukulia siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji yamepwa hadi mita 0.4 na yatajaa hadi 3.4. Tofauti ni mita 3. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: gawa tofauti sehemu 12, maji yanapanda sehemu 1 saa ya kwanza, 2 saa ya pili, 3 ya tatu, 3 ya nne, 2 ya tano, 1 ya sita. Sehemu moja hapa ni mita 0.25. Vimo vinakuwa:

mwanzo 0.4
saa 1: 0.65
saa 2: 1.15
saa 3: 1.9
saa 4: 2.65
saa 5: 3.15
saa 6: 3.4

Zipi zinakidhi h ≥ 2.7? Ni 3.15 na 3.4 tu. Saa ya nne inakosa kwa sentimita 5, na mtoto asiikadirie ikawa 2.7 ili ipite. Namba inapimwa kama ilivyo.

Waulizeni pia ingekuwaje mtu akisahau hasi. Angeandika 0.8 + h ≥ 1.9, angepata h ≥ 1.1, na saa ya pili yenye 1.15 ingekubali. Maji halisi juu ya fungu saa hiyo ni −0.8 + 1.15 = mita 0.35. Chombo kinataka mita 1.4. Kimeshapanda fungu.

Na siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), tuseme yanacheza kati ya 1.4 na 2.4: hakuna hata kimo kimoja kinachofika 2.7. Jibu "hakuna" ni jibu kamili, liandikwe bila woga. (Hii kanuni ya sehemu 12 ni ya kukadiria. Safarini tumieni majedwali ya maji ya bandari husika.)

Mtahini

Nahodha Bamvua, ahsante sana kwa mfano huu, nitautumia.

Sasa niingie kwenye lugha, maana hapa ndipo maswali ya maneno yanapoharibika kabla hata hesabu haijaanza. Kiswahili chetu kina utajiri wa kusema mipaka na kila neno lina alama yake.

"Zaidi ya 5" ni x > 5, na 5 haimo. "Chini ya miaka 18" ni x < 18, aliyefikisha 18 hayumo. "Kuanzia 18", "18 na kuendelea" na "angalau 18" ni x ≥ 18, 18 imo. "Hadi 40" na "mwisho 40" ni x ≤ 40.

Wanaoteleza wengi wanateleza kwenye "isiyozidi" na "isiyopungua". Mtoto anasikia "zidi", mkono unaandika >. Anasikia "pungua", anaandika <. Ile -si- ya katikati anaimeza. Mfundisheni kwa hatua mbili. "Inazidi 10" ni x > 10. Sasa kanusha. Namba ambazo HAZIZIDI 10 ni zipi? Ndogo zote za chini yake, na 10 mwenyewe, kwa sababu 10 haizidi 10. Kwa hiyo "isiyozidi 10" ni x ≤ 10. Ukikanusha >, hupati <, unapata ≤. Ukikanusha <, unapata ≥. Mtoto akiielewa hii, amemaliza nusu ya mada.

"Kati ya 3 na 8" ni neno la kuangalia. Mimi naisoma 3 < x < 8, ncha zikiwa nje, isipokuwa swali liseme "zikiwemo". Mtunga swali anayezitaka ncha aandike "kuanzia 3 hadi 8", asimwachie mwanafunzi kubahatisha.

Na mpangilio wa kutoa: "toa 5 kwenye namba" ni x − 5. Wengi wanaandika 5 − x kwa kufuata mfuatano wa maneno. Hapa kipimo hakitamsaidia, kwa sababu atapima sentensi yake mwenyewe mbovu. Apime kwenye maneno ya swali: achukue 20, atoe 5 kwenye 20, aone 15. Kisha aone kama sentensi yake inatoa 15 au −15.

Kidogo kuhusu alama zenyewe, kwa mtoto mdadisi. Alama ya = ilichapwa mara ya kwanza 1557 katika kitabu cha Robert Recorde. Alama < na > zilichapwa 1631 katika kitabu cha Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kufa kwake. Kuziwekea mistari ya usawa chini yake kulikuja baadaye, kwa Mfaransa Pierre Bouguer, 1734, naye aliweka mistari miwili. Kwa hiyo ule mstari mmoja tunaouchora chini ya ≤ ni = iliyofupishwa. Mtoto akiona mstari, aione = imejibanza pale.

Mzazi_Ngamiani

Hiyo ya "isiyozidi" imenifungua, naona sasa anakosea wapi. Je, jibu likitoka na desimali kwenye swali la watu au magunia? Anakadiria kwa kanuni ya kawaida, 9.4 inakuwa 9 na 7.5 inakuwa 8.

BintPangani

Hapo kanuni ya kawaida ya kukadiria iwekwe pembeni kabisa. Alama ndiyo inayoamua.

Gari la kubeba kilo 1,000. Dereva na utingo pamoja ni kilo 150. Gunia la machungwa ya Muheza tuseme kilo 90. Magunia n:

90n + 150 ≤ 1,000
90n ≤ 850
n ≤ 9.44…

Pima 9: 810 + 150 = 960, inakidhi. Pima 10: 900 + 150 = 1,050, haikidhi. Jibu 9. Hata ingetoka n ≤ 9.99, jibu ni 9. Gunia la kumi halipandi.

Upande wa pili: boti ya kwenda Kisiwa cha Toten na kurudi tuseme ni 60,000, kila mtu anachanga 8,000. Wanahitajika angalau wangapi?

8,000n ≥ 60,000
n ≥ 7.5

Pima 7: 56,000, haitoshi. Pima 8: 64,000, inatosha. Jibu 8. Ingetoka n ≥ 7.1 bado jibu ni 8. Mwanafunzi anayekadiria 7.1 kuwa 7 anaacha boti haijalipwa.

Na asome swali linataka namba za aina gani. −3 < x ≤ 4 kwa namba kamili ni −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4, jumla 7. Kwa namba za kuhesabia ni 1, 2, 3, 4 tu. Kama swali halijasema, sehemu na desimali zote zimo, na jibu linachorwa kwenye mstari: duara wazi penye −3, duara lililojazwa penye 4.

FundiJedwali

Kwa walimu wenye kompyuta, vipimo hivi vinafanyika kwa Excel namba mia kwa mara moja. Weka namba kwenye safu A kuanzia A2, na B2 andika:

=3*A2-4<=11

Inajibu TRUE au FALSE, kisha buruta chini. Ila kuna mitego miwili.

Wa kwanza: sentensi yenye alama mbili, kama −5 < 2x + 1 ≤ 9. Ukiiandika =-5<2*A2+1<=9, Excel inapima ya kwanza, inapata TRUE au FALSE, halafu inalinganisha hilo neno na 9. Kwa Excel, TRUE na FALSE zote ni kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo safu nzima itajibu FALSE. Andika =AND(-5<2*A2+1, 2*A2+1<=9). Kwa Python (lugha ya kuandikia programu) sentensi ya alama mbili inakubalika kama ilivyo: -5 < 2*x + 1 <= 9.

Wa pili: −x². Ukiandika =-A2^2 na A2 ni 3, Excel inakupa 9, kwa sababu inashika hasi kwanza ndipo inapandisha kipeo. Kihesabu −3² ni −9, na Python kwa -3**2 inatoa -9. Kwa Excel andika =-(A2^2). Mwalimu aliyetengeneza majibu ya mtihani kwa Excel bila kujua hili atawakosesha waliopata.

Mtahini

Nirudi kwenye niliyoyagusia mwanzoni, x² na x iliyo chini ya sehemu.

12/x > 3

Wengi wanazidisha pande zote kwa x: 12 > 3x, x < 4. Pima −1 kwenye swali: 12 ÷ (−1) = −12, na −12 > 3 si kweli. Lakini −1 ni ndogo kuliko 4. Kosa ni nini? Umezidisha kwa x bila kujua ni chanya au hasi. Ikiwa hasi, alama ilitakiwa igeuke.

Hapa kuna alama mbili za kuweka kwenye mstari: 4, ambapo pande mbili zinalingana, na 0, ambapo kugawanya hakufanyiki kabisa. Mstari umekatika vipande vitatu, kwa hiyo pima kila kipande. −1 haikidhi. 1: 12 > 3, inakidhi. 6: 2 > 3, haikidhi. Jibu 0 < x < 4. Na kwenye maswali haya 0 si namba ya kujaribia.

x² < 9 ni hivyo hivyo. Mtoto anaandika x < 3 na kusahau kuwa −5 ni ndogo kuliko 3 lakini 25 si ndogo kuliko 9. Mipaka ni −3 na 3, vipande vitatu. −5 inakataa, 0 inakubali, 5 inakataa. Jibu −3 < x < 3.

MwalimuMakorora

Pia msiogope herufi ikipotea. 2(x + 3) > 2x + 1 inaishia 6 > 1, ambayo ni kweli daima, basi namba zote zinakidhi. 2x + 5 < 2x + 3 inaishia 5 < 3, hakuna inayokidhi.

Niweke zoezi. Chagueni zinazokidhi:

(a) 5 − x ≤ 2: −3, 0, 3, 8
(b) −5 < 2x + 1 ≤ 9: −3, −2.5, 4, 4.5
(c) x/3 − x/2 < 1: −12, −6, 0, 6
(d) x² ≥ x: −1, 0, 0.5, 1, 2

Mzazi_Ngamiani

Tumefanya nyumbani. (a) 3 na 8. (b) −2.5 na 4. (c) −6, 0 na 6. (d) zote, kwa sababu namba ikizidishwa kwa yenyewe inakua.

BintPangani

(a) na (b) ni sahihi, hongereni. Kwenye (b) mmeiona −3 inatoa −5 < −5 na mmeikataa, vizuri sana.

(c) irudieni penye −6, taratibu. −6 ÷ 3 = −2. −6 ÷ 2 = −3. Kisha −2 − (−3) = −2 + 3 = 1. Je, 1 < 1? Hapana. −6 ndiyo mpaka, na alama haina mstari chini. Zinazokidhi ni 0 na 6.

(d) pimeni 0.5: 0.5 × 0.5 = 0.25. Je, 0.25 ≥ 0.5? Hapana. Namba iliyo kati ya 0 na 1 ikizidishwa kwa yenyewe inapungua. Nusu ya nusu ni robo.

Mzazi_Ngamiani

Kweli kabisa. Kwa hiyo (d) mipaka ni 0 na 1, vipande vitatu: −1 inakubali, 0.5 inakataa, 2 inakubali. Na mipaka yenyewe, 0 ≥ 0 na 1 ≥ 1, zote zimo. Jibu: −1, 0, 1, 2.

BintPangani

Ndiyo hiyo. Hapo weka tiki.